Tanuri Mbili, Wodi Mbili

Wauguzi wenzake walimwita Sista Kwanza-Tuone, naye hakukasirika, maana jina hilo lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje atazame mawingu. Ukimwambia chumvi imezidi, ataonja. Mumewe husimulia kwamba hata siku alipomwambia anataka kumwoa, jibu lilikuwa hilohilo, "Kwanza tuone," akaonwa na kuonwa mpaka viatu vikaisha soli.

"Mimi nilichekechwa kuliko unga," humalizia mume huyo, na wageni wakicheka, mkewe huwazidi kwa kicheko.

Unga ndiko alikotoka Sista. Mama yake alikuwa mwoka mikate, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tanuri mbili za matofali: ya zamani, aliyoijenga babu, na mpya, iliyoongezwa biashara ilipokua. Mwaka mmoja walianza kununua unga wa kinu kingine. Kwa kuwa mama hakutaka kuchanganya unga, wa zamani ukaendelea kuokwa katika tanuri ya zamani, na wa kinu kipya ukapewa tanuri mpya. Mikate ya unga mpya ikawa inatoka imeungua juu na mbichi ndani. Majirani wakanuna. Mama mdogo, aliyekuwa akisaidia kukanda, akautukana ule unga matusi ambayo unga haujawahi kutukanwa.

 Asubuhi moja mama akabadilisha masinia: unga mpya ukaingia tanuri ya zamani, unga wa zamani ukaingia tanuri mpya. Mikate ya unga mpya ikatoka imeumuka, ina ngozi ya rangi ya asali. Ile ya unga wa zamani, uliokuwa ukisifiwa mtaa mzima, ikatoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Kumbe tanuri mpya ilikuwa imepata ufa kwa nyuma, moto unapanda juu tu na chini hakuna kitu.

"Mwanangu," mama alimwambia huku akipangusa mikono, "usiuhukumu unga mpaka uujue moto uliouoka."

Binti akala mkate wa moto, akameza na lile neno.

Alipokuwa mtu mzima alisomea uuguzi, akaajiriwa katika wodi ya magonjwa ya kifua, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa msimamizi. Alijifunza kusikia mapafu kwa mbali, kama fundi anavyosikia injini. Alijifunza kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi bila kumvunjia heshima. Alijifunza pia kwamba jamaa wa mgonjwa huutazama uso wa muuguzi kabla ya kusikia maneno yake, basi akaufundisha uso wake kutulia.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa pumzi uliofunga shule na kuwaziba watu midomo kwa vitambaa. Wodi ikajaa, ikapungua, watu wakashusha pumzi. Hawajamaliza kuishusha, kirusi kikarudi kimejibadilisha. Wataalamu wa maabara waliziita aina ya kwanza na aina ya pili. Wauguzi, ambao hawakuwa na muda wa majina ya heshima, wakaziita Mkubwa na Mdogo, kama ndugu wa tumbo moja.

"Na huyu Mdogo ndiye pilipili," walisema.

Hospitali ikaweka utaratibu wake. Kila mgonjwa mpya alilazwa kwanza wodi ya mbele, sampuli yake ikapelekwa maabara kuu. Majibu yakija kwamba ana Mkubwa, anabaki palepale. Yakija kwamba ana Mdogo, anahamishiwa wodi ya nyuma, ili aina mbili zisikutane katika kifua kimoja. Ulikuwa utaratibu wa nia njema. Kila aliyeupitisha angeweza kuutetea mchana kweupe.

Wodi ya nyuma ilikuwa jengo refu lililoongezwa baadaye, ng'ambo ya chumba cha kufulia mashuka. Na huko watu walikufa. Walikufa kuliko mbele, tena kwa tofauti ambayo hata mfagiaji aliiona. Wauguzi wa nyuma walifungua vali ya hewa mpaka mwisho, lakini mgonjwa alizidi kuhema. "Mdogo anakula hewa," walisema. "Mkubwa anakunywa kwa kikombe, Mdogo anakunywa kwa ndoo." Neno likatoka getini, likafika mtaani, likarudi limenenepa. Wodi ya nyuma ikapachikwa jina: Kwaheri. Jamaa wakisikia mtu wao anapelekwa Kwaheri, vilio vilianza kabla kitanda hakijasukumwa.

Lisemwalo lipo, watu walisema. Sista mwenyewe, kwa wiki kadhaa, alilisema pia. Wafu walikuwa wengi, na aliyechoka huona jibu la karibu kuwa jibu la kweli.

Mpaka alipougua wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la dobi. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufungua milango. Utani wa mawifi hawa wawili ulikuwa wa kila siku, kama chai. Hata alipoletwa akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, aliushika mkono wa Sista akasema:

"Wifi. Nilikukabidhi kaka yangu akiwa na mashavu. Tazama ulivyomkausha. Sasa umeanza na mimi?"

"Wewe ukikauka kidogo itakuwa faida kwa vitanda vyetu," Sista alimjibu. "Nyamaza upumue."

"Nikinyamaza ndipo nitakapokufa."

Alikaa wodi ya mbele akisubiri majibu, na hewa ya mbele ikamfaa. Kipimo cha kidoleni, kile kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu, kilipanda kikatulia tisini na tatu. Akaanza kumwonya muuguzi mmoja kwamba amesukwa vibaya. Siku ile majibu yalipofika, alikuwa katikati ya malalamiko.

"Nikipona nahama pale. Yule dobi ananimaliza. Kila asubuhi mteja wangu ana povu kichwani, yeye huko chini anafungua mabomba yake yote, la kwangu juu linakohoa mara mbili, kwisha. Mteja anafumba macho, mimi nimeshika mpira hautoi kitu. Halafu anakwenda kunisema eti maji ya kwangu ndiyo mabaya! Maji yaleyale, wifi! Bomba lilelile!"

Sista alikuwa amesimama na majibu ya maabara mkononi. Alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Uso wake aliokuwa ameufundisha miaka yote, siku hiyo ulimsaliti.

Wifi akamtazama. Utani ukamtoka kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kilichokamuliwa.

"Ni Mdogo?"

"Ni Mdogo."

"Basi nipelekwe Kwaheri." Alivuta hewa, akaivuta tena. "Vitana vyangu mpe binti yangu. Wewe usivichukue, huna nywele."

Sista hakucheka. Akilini mwake maji ya dobi yalikuwa yanatiririka kuelekea mahali. Maji yaleyale, bomba lilelile. Akaiona wodi ya nyuma jinsi ilivyojengwa: bomba la oksijeni likitoka kwenye mtambo, likipita wodi ya mbele kitanda baada ya kitanda, kisha likitoboa ukuta, likivuka chumba cha kufulia, likimalizikia nyuma. Akaona na tanuri mbili, na mikono ya mama yake yenye unga ikibadilisha masinia.

"Kwanza tuone," alisema.

"Tuone nini tena, wifi?"

"Tuone kama ni unga au ni tanuri."

"Eeh," wifi aliwageukia wagonjwa wenzake, "jamani, muuguzi wangu naye homa imempanda."

Daktari wa wodi zile mbili alikuwa kijana kwa umri na mzee kwa uchovu. Sista alimkuta akinywa chai ya baridi akiwa amesimama, kwa sababu akikaa angelala.

"Daktari, nina swali. Tunasema Mdogo anaua kuliko Mkubwa. Tumejuaje?"

"Kwa kuhesabu, Sista. Wanaofariki nyuma ni wengi kuliko mbele."

"Nyuma kuna Mdogo mtupu. Mbele kuna Mkubwa. Lakini hatujabadilisha kirusi peke yake. Tumebadilisha na chumba. Sasa tunamlaumu nani, mpangaji au nyumba?"

Daktari aliacha kunywa. Hakuwa mtu wa kushindana kwa ajili ya kushinda. Akalibeba lile swali, akaligeuza huku na huku.

"Tungehitaji watu wenye Mdogo waliotibiwa mbele."

"Tunao. Wapo ambao majibu yao yalichelewa. Walikaa mbele siku zote, wakapona, wakaenda nyumbani, ndipo maabara ikatuambia walikuwa na Mdogo."

"Kweli." Alikuna kidevu. "Lakini huenda walipona kwa kuwa walikuwa vijana. Au kwa kuwa walikuja na ugonjwa mwepesi. Ukimlinganisha kijana wa mbele na mzee wa nyuma, utakuwa umelinganisha miaka, kirusi umekiacha pembeni."

"Basi tulinganishe mzee kwa mzee, kijana kwa kijana. Aliyekuja anahema na aliyekuja anahema."

"Na mwenye kisukari na mwenye kisukari," daktari aliongeza. Sauti yake ilikuwa imepata uhai. Akavuta kiti, akakaa, na usingizi haukumpata.

Walimaliza alasiri nzima mezani, daktari akisoma daftari la wagonjwa, Sista akikumbuka: yule mwalimu mstaafu, yule mama wa mboga, yule mpiga rangi aliyekuwa akiimba. Kila mmoja alitafutiwa pacha wake wa umri na hali. Waliokuwa na Mdogo lakini wakabaki mbele, walipona sawasawa na wenye Mkubwa. Waliokuwa na Mdogo, wazee kama wao, wagonjwa kama wao, wakahamishiwa nyuma, walikufa.

"Ni wachache," daktari alisema. "Kwa idadi hii siwezi kuapa."

"Nami sikuapishi. Njoo tukatazame tanuri."

Waliingia wodi ya nyuma asubuhi iliyofuata, saa ambayo wagonjwa wa mbele walikuwa wanaoshwa na kugeuzwa, na kila aliyeguswa alihitaji hewa zaidi. Juu ya kila kitanda kulikuwa na kijibomba cha kioo chenye gololi ndogo ndani, hewa ikipita kwa nguvu, gololi huelea juu, ikipungua, hushuka. Sista alisimama katikati ya wodi, akatazama gololi za ukuta mzima. Kwanza zilikuwa juu. Kisha, mbele kulipoanza kazi, zikaanza kushuka, moja, nyingine, nyingine, kama watu wanaoinamisha vichwa msibani. Vali zote zilikuwa wazi mpaka mwisho.

"Unaona?" muuguzi wa zamu ya nyuma alisema. "Wakati huu ndio Mdogo anapoanza kula hewa."

"Hewa haijafika ikaliwa, mdogo wangu," Sista alimwambia taratibu. "Imenyweka njiani."

Kitanda cha mwisho kabisa, mwisho wa bomba, alilala mzee seremala, midomo imeanza kuwa ya bluu. Sista alikuwa ameagiza mtungi wa oksijeni, ule mkubwa wa chuma wenye hewa yake yenyewe. Ukavingirishwa mpaka kitandani. Akachomoa mpira wa seremala ukutani, akauchomeka kwenye mtungi, akafungua.

Gololi ya mtungi ikaruka, ikasimama juu.

 Kipimo cha kidoleni kilisoma themanini na moja. Daktari aliinama kama anayesikiliza mlangoni. Themanini na tatu. Themanini na sita. Seremala akameza mate, rangi ikamrudia mdomoni kama alfajiri inavyorudi ukutani. Themanini na tisa. Tisini na mbili.

"Mzee," Sista alimwinamia, "unajisikiaje?"

Seremala alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu tangu aingie jengo lile.

"Mlikuwa wapi nayo hii?" alisema.

Daktari akacheka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa machozi, akayapangusa kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na glavu. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshatoka mbio kuita mitungi mingine.

Siku hiyo mitungi yote ya hospitali, ya chumba cha upasuaji na ya akiba, ilivingirishwa kupita chumba cha kufulia, ikinguruma sakafuni kama ngoma za harusi. Fundi wa mitambo ya hewa akaitwa, akapanda juu ya dari, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema bomba la nyuma lilikuwa jembamba tangu kujengwa, na kwa miaka yote halikuonekana kwa sababu wodi ile haikuwahi kujaa. Akaahidi bomba jipya litakalotoka moja kwa moja kwenye mtambo.

Ikabaki habari ya wifi.

Mbele vitanda vilikuwa vimejaa, na utaratibu wa kutenganisha ulikuwa bado haujafutwa. Daktari alimwita Sista pembeni.

"Wifi yako tunaweza kumwacha hapa. Hakuna atakayeuliza."

Sista alitamani. Asidanganye mtu, alitamani kwa moyo wote. Bomba la mbele alilijua, lile jipya halijafungwa. Lakini mlangoni palikuwa na mama mmoja anahema kwenye kiti cha magurudumu, hana kitanda. Na nyuma kulikuwa na watu waliokuwa wakimtazama yeye, wajue kama anaamini alichokisema.

Akaenda kwa wifi, akafungua breki za kitanda.

"Tunakwenda nyuma."

Macho ya wifi yakamtoka. "Wifi! Ni kwa ajili ya ile bakuli yako niliyoivunja?"

"Ulivunja bakuli yangu?"

"Aa. Basi sikuvunja."

"Sikiliza." Sista aliweka kiganja kwenye paji lake. "Dobi tumemfungia bomba. Kule kila mtu ana tangi lake sasa. Unaniamini?"

 Wifi akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Sukuma. Lakini taratibu, nimebeba roho."

Sista mwenyewe ndiye aliyesukuma, kupita korido, kupita mashuka yanayofuka mvuke, mpaka ndani. Akamwunganisha na mtungi. Wote wawili wakatazama kile kijibomba cha kioo kwa macho ya watu wanaotazama mlango wa chumba cha uzazi. Gololi ikapanda. Ikabaki juu. Mbele wakaanza kuosha wagonjwa, saa ileile ya kutisha, gololi haikutikisika.

"Hako kadude kanacheza vizuri," wifi alisema.

Waliofariki katika wodi ya nyuma wakapungua, kisha wakapungua tena. Bomba jipya lilipowashwa, daktari alihesabu upya, mzee kwa mzee na kijana kwa kijana, akasimama mbele ya wafanyakazi wote.

"Hatusemi Mdogo ni mpole," alisema. "Anaambukiza upesi kuliko kaka yake, na vifo vya kutosha ni vyake. Tunasema hivi tu: hapa kwetu, mgonjwa akipata hewa ileile, Mdogo hajamzidi Mkubwa kwa kuua. Sehemu ile iliyozidi ilikuwa ya ukuta wetu. Sista alituuliza tumejuaje. Tangu leo, kila mtu aulize."

Wale waliopotea kabla ya mitungi hawakurudi, na Sista hakujifanya wamerudi. Kuna asubuhi alisimama kwenye kitanda cha mwisho, akaweka mkono ukutani mahali pa vali ya zamani, kisha akaenda kazini. Kazi ilikuwepo, na sasa ilikuwa kazi inayolipa kwa watu wanaotoka wakitembea.

Wifi alitoka kwa miguu yake. Walimletea kiti cha magurudumu, akakikataa kwa dharau, akakitumia kubebea mizigo. Wagonjwa wa nyuma walipiga makofi vitandani, seremala akaongoza kwa kugonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Mlangoni, umati wa jamaa ulikuwa umesimama, nyuso zimekunjamana kwa mazoea, wakisubiri habari za Kwaheri.

Wifi akasimama mbele yao, akiwa amejisuka mwenyewe kitandani, mistari imenyooka.

"Mnaniona?" sauti ilikuwa imerudi yote, ya kufungua milango. "Mimi nilikuwa nacho hichohicho. Nimelala humohumo. Jina la wodi hii ni Karibuni, na atakayeiita vinginevyo asije kwangu kusukwa!"

Kicheko kikalipuka, kikapanda ngazi, kikaingia madirishani. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kulia akasahau alipofikia.

Sista alisimama kizingitini, mikono mfukoni. Wifi akamgeukia, akamkumbatia mpaka kofia ikamwanguka, akamnong'oneza:

"Bakuli nilivunja kweli."

"Nilijua," Sista alisema. "Vipande nilivikuta. Nilitaka tu kuona."

Wifi akaondoka akisukuma kile kiti chenye mabunda yake, akiwapungia watu kama bibi harusi. Sista akaokota kofia yake, akaipangusa, akageuka kurudi ndani. Kando ya ukuta mzima gololi zilikuwa juu, zote, zikitetemeka kidogo katika vioo vyao.